Stoo inadondoka maji na mabati hayana tundu

SWALI: Nilivuna mahindi Agosti hapa Kakamega mvua ikiendelea, nikapukuchua na kuweka magunia 12 kwenye stoo ya mabati. Kila asubuhi maji yanadondoka kutoka juu ingawa nimeziba misumari yote. Magunia ya chini yana joto na harufu ya uvundo. Nifungue madirisha au nifunge? Na mifuko ile isiyopitisha hewa itanisaidia?

JIBU: Misumari haina kosa. Maji hayo yanatoka kwenye mahindi yenyewe. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa hadi 13.5, hupoteza karibu lita 7 za maji. Kwa magunia yako 12 hizo ni zaidi ya lita 80. Mvuke unapanda, usiku mabati yanapoa, nao unageuka matone kama ule wa kifuniko cha sufuria ya ugali. Lile joto ni la kuvu na punje zinazopumua, na kupumua kwenyewe kunaongeza maji. Kwa hiyo usingoje wikendi.

Yatoe yote leo. Ingiza mkono hadi kiwiko katika kila gunia, na lenye joto likae peke yake. Kwetu mvua nyingi hunyesha alasiri, basi anika mara umande unapokauka, juu ya turubai, tabaka lisilozidi sentimita 4, ukigeuza kila nusu saa. Wingu likitanda, kunja turubai na mahindi yake, yaingize ndani, kisha uyatandaze tena sakafuni juu ya turubai kavu. Kuyaacha yamefunikwa kwa nailoni usiku kucha ni kuyachemsha. Jua lisipopatikana siku tatu mfululizo, lipia mashine ya kukaushia. Ulizia depo ya NCPB (Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao) iliyo karibu nawe.

Kujua yamekauka, usitegemee meno. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia kijiko kimoja cha chumvi uliyoianika juani au kuikaanga kidogo ikakauka, kisha mahindi hadi robo ya chupa. Funga, tikisa dakika 3, acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye glasi, unyevu umepita asilimia 15. Isiponata, uko chini ya 15, lakini lengo ni 13.5, kwa hiyo ongeza siku nzima ya jua. Chumvi yenye unyevu itakudanganya. Hapo ndipo wengi hukosea. Kabla ya kufunga gunia acha mahindi yapoe kivulini, la sivyo yatatoa jasho humo humo.

Mifuko isiyopitisha hewa huua dumuzi na fukusi, wadudu wanaotoboa punje, kwa kuwanyima hewa. Haikaushi. Ukitia mahindi mabichi yatachacha na kuoza, nawe utakuwa umelipa kuyaozesha. Inunue baada ya jaribio la chumvi.

Madirisha: fungua kukiwa na jua, takriban saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, funga mvua ikianza na usiku. Toboa matundu chini ya paa pande mbili zinazotazamana, uyazibe kwa waya wa kuku dhidi ya panya (waya wenye macho madogo, panya mdogo hupenya ule mpana). Magunia yakae juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na nusu mita kutoka ukutani.

Zile punje zilizobadilika rangi au kuota ukungu zichambue uzizike. Sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini haiondoki kwa kupika ugali, na mwaka 2004 iliua watu 125 Makueni, Kitui na maeneo jirani. Ng'ombe akizila, sumu hupita kwenye maziwa. Kuku nao wanadhurika. Na kabla mtu hajakushauri kuzitengenezea busaa (pombe ya kienyeji): hapana, hata hiyo.