Mama ametolewa titi na kidonda kimepona: nini kinafuata?

Binti, nimesoma ulichoandika mara mbili kabla ya kujibu. Umesema mama yako, mwenye miaka 52, aliondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani wiki tano zilizopita. Kwamba kidonda kimefunga na kwenye kadi ameandikiwa arudi baada ya miezi mitatu. Kwamba majibu ya nyama iliyopelekwa maabara bado hamjapewa. Kwamba mkono wake umeanza kuwa mzito. Na kwamba mwenyewe anasema amepona, hataki tena kusikia habari za hospitali. Mimi si daktari. Ni mwanamke wa Mafinga niliyetolewa titi la kulia mwezi Machi 2018, nikiwa na miaka 46, na karibu kila kosa ambalo ninyi mko karibu kulifanya, mimi nimelifanya tayari.

Msiisubiri hiyo miezi mitatu. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni ya daktari wa upasuaji, naye anataka kuona kovu lake limekaaje. Matibabu ya saratani yenyewe, yaani kemo (dawa kali za kuua saratani), mionzi, vidonge vya homoni au sindano, hupangwa na daktari bingwa wa saratani, na huyo hana anachoweza kupanga mpaka ashike mkononi majibu ya patholojia, yaani ya ile nyama iliyopimwa maabara. Kama mama anahitaji kemo, kwa kawaida huanza ndani ya wiki nne hadi nane tangu upasuaji, na ikichelewa kupita miezi mitatu faida yake hupungua. Kwa hiyo mkifuata kadi kama ilivyo, mtakuwa mmefika siku ile ambayo mlango umeanza kufungwa.

Nayajua haya kwa sababu mimi niliifuata kadi. Hospitali niliyopasuliwa sitaitaja, kwa kuwa waliniuguza vizuri wodini, na ule mrija wa kutoa majimaji waliutunza kwa uangalifu kuliko nilivyotegemea: kila asubuhi muuguzi alipima yaliyomo kwenye chupa, akaandika, na hakuutoa mpaka majimaji yalipopungua chini ya mililita 30 kwa siku. Tatizo lilikuja baada ya hapo. Niliporudi kuulizia majibu niliambiwa hayajafika, niliporudi tena nikaambiwa aliyehusika yuko likizo, nami nikachukulia kwamba kama kungekuwa na neno baya wangenipigia simu. Hakuna aliyepiga. Mwezi Agosti, mkono ulipovimba hadi pete ikagoma kutoka kidoleni, shemeji yangu alinishika akanipeleka kwa daktari wa saratani, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Vipokezi vyako vikoje?" Sikujua anazungumzia nini.

Naomba hapa unisome taratibu. Karatasi ya patholojia yenye kusema tu "saratani ya titi" haitoshi. Inatakiwa ieleze ukubwa wa uvimbe, daraja lake kati ya 1 na 3, kama kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, tezi ngapi zilitolewa kwapani na ngapi kati yake zilikutwa na saratani, halafu vipimo vitatu vya hivyo vipokezi, vinavyoandikwa kwa herufi: ER, PR na HER2. Hivyo viwili vya kwanza vinaonyesha kama saratani inalishwa na homoni za mwili. Vikiwa chanya, mama atapewa vidonge kwa miaka mingi, na vikiwa hasi, vidonge hivyo havitamsaidia. Cha tatu huandikwa 0, 1+, 2+ au 3+. Yenye 3+ inahitaji dawa yake ya sindano, trastuzumabu, inayotolewa kwa kawaida kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mmoja huku moyo ukipimwa kwa mashine kabla ya kuanza na karibu kila miezi mitatu. Ikiandikwa 2+, jibu bado halijapatikana na kinahitajika kipimo kingine, kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba hiyo ni hasi.

Karatasi yangu, ilipopatikana, ilikuwa na mistari minne na haikuwa na kipokezi hata kimoja. Nilidhani basi, nyama ilishatupwa. Daktari akanieleza kwamba maabara haitupi: kipande cha nyama hugandishwa ndani ya nta na kuhifadhiwa, na kinaweza kupimwa hata baada ya miaka. Nikarudi na barua yake, nikakaa kwenye benchi la maabara kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, nikakabidhiwa bahasha ya kaki yenye vibloku viwili. Kila kimoja ni kidogo kuliko kiberiti, kikasha cha plastiki chenye nta nyeupe kama ya mshumaa na doa la rangi ya maziwa katikati, na namba yangu imeandikwa pembeni kwa penseli. Niliifunga bahasha kwenye kanga nikaipakata kutoka Mafinga hadi Dar es Salaam, kwa sababu niliambiwa nta isikae juani, na gari lilipokuwa linateremka Kitonga nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili kama yai. Majibu yalitoka: ER chanya, PR chanya, HER2 hasi, tezi tatu zenye saratani. Ingekuwa Aprili nianze matibabu. Nilianza Septemba, na daktari hakunificha kwamba miezi hiyo mitano haikuwa midogo.

Kwa hiyo Jumatatu nenda mwenyewe na kadi ya mama, na kama hawezi kusafiri aandike barua ya kukuruhusu kuchukua taarifa zake. Usianzie mapokezi, uliza maabara ya patholojia ilipo na utaje namba ya faili pamoja na tarehe ya upasuaji. Wakisema sampuli ilipelekwa kwingine, uliza ilipelekwa wapi na kwa namba gani. Wakikupa karatasi, isome hapo hapo dirishani na utafute zile herufi kabla hujaondoka. Omba pia muhtasari wa kuruhusiwa hospitali na taarifa ya upasuaji, toa nakala tatu za kila kitu, na zipige picha kwa simu. Kisha mdai rufaa ya kumwona daktari wa saratani. Taasisi ya Saratani Ocean Road ipo Dar es Salaam, Bugando ipo Mwanza na nayo ina mashine ya mionzi, na KCMC ya Moshi ina kliniki ya saratani. Nendeni panapofikika bila kukatisha safari katikati, kwa maana mionzi hutolewa kila siku ya kazi. Mimi nilipigwa mara 25, wiki tano nzima, nikilala kwa binamu yangu Mbagala. Si kila aliyetolewa titi lote huhitaji mionzi. Huangaliwa zaidi uvimbe uliozidi sentimita tano au tezi zilizokutwa na saratani, ndiyo sababu nyingine ya kuing'ang'ania ile karatasi.

Kuhusu mkono, usikubali wakuambie ni uchovu. Tezi za kwapani ndizo zilizokuwa zikipitisha majimaji ya mkono, na zikiondolewa majimaji yanaweza kutuama, wiki chache baada ya upasuaji au hata miaka kadhaa baadaye. Chukua futi ya fundi cherehani, mpime mama kwenye kifundo cha mkono, kisha sentimita kumi chini ya kiwiko, kisha sentimita kumi juu yake, mikono yote miwili, uandike kwenye daftari. Tofauti ikifika sentimita mbili, huyo ni mgonjwa wa mtaalamu wa fiziotherapia wiki hiyo hiyo. Uvimbe ukiwahiwa hutulia kwa kufungwa bandeji maalumu, kukandwa taratibu kuelekea penye njia za majimaji ambazo bado ni nzima, mazoezi, na soksi ya mkono yenye kubana. Ukiachwa miezi kama nilivyouacha wangu, nyama hukakamaa, na hapo unatunza tu usizidi. Mimi nilipewa kwanza vidonge vya kukojosha na mtu wa duka la dawa. Nilikesha chooni na mkono ukabaki vile vile, maana uvimbe wa aina hii hautibiwi kwa vidonge hivyo.

Asiogope kuutumia mkono, maana wengi huubana kifuani kama umevunjika na bega linaganda. Asimame akitazama ukuta, atambaze vidole kwenda juu mpaka anapohisi kuvutwa, aweke alama ya chaki, na kesho yake ajaribu kuipita kidogo. Alama zangu bado zipo kwenye ukuta wa jikoni; nimekataa wasipake rangi. Ajikinge na majeraha: glavu anapopalilia, kitambaa kinene anapoepua sufuria, na kila anapopimwa presha au kutolewa damu atoe mkono wa kulia inapowezekana. Mkono wa kushoto ukiwa mwekundu, wa moto, na homa ikapanda, hiyo ni maambukizi na anahitaji antibiotiki siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Tuseme matibabu makubwa yamekwisha. Mpango niliopewa, ambao hautofautiani sana na wa wengine niliokaa nao benchini, ni kuonwa na daktari kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka mitatu ya mwanzo, kila miezi sita hadi kumi na miwili katika mwaka wa nne na wa tano, halafu mara moja kwa mwaka. Daktari anauliza, anapapasa kovu, kwapa zote mbili, juu ya mfupa wa mtulinga na titi lililobaki. Titi hilo hupigwa picha ya mamogramu kila mwaka. Basi, na hapa ndipo watu wengi huona wamepunjwa. Mimi pia nilijiona nimepunjwa, nikaenda maabara binafsi kulipia vipimo vya damu vya kutafuta saratani, kimoja kikapanda kidogo, nikauza mbuzi wawili kupiga CT ya mwili mzima, ambayo haikuonyesha kitu. Daktari wangu alikasirika kwa upole: kwa mtu asiye na dalili, vipimo hivyo havijaonekana kurefusha maisha, ila huleta hofu na hasara. Kinachofaa ni mgonjwa mwenyewe kutokusubiri tarehe anapoona kipele kigumu kwenye kovu, uvimbe kwapani, maumivu ya mfupa yasiyokwisha na yanayomwamsha usiku, kikohozi au kukosa pumzi kwa wiki kadhaa, macho ya njano, kupungua uzito bila sababu, au kichwa kuuma pamoja na kutapika.

Vidonge vya homoni navyo ni sehemu ya ufuatiliaji, tena sehemu inayoachwa kimya kimya. Nilimeza tamoksifeni miligramu 20 kila siku kwa miaka mitano, na kwa sababu ya zile tezi tatu nikaongezewa muda, sasa natumia kidonge kingine, letrozoli, kwa kuwa hedhi ilishakoma. Tamoksifeni huleta joto linalopanda kifuani hadi usoni, na mwaka wa kwanza nililala dirisha wazi hata Juni, ambako Mafinga ni baridi ya kutetemeka. Hilo huvumilika. Yasiyovumilika ni kutokwa na damu ukeni baada ya hedhi kukoma, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Haya yapelekwe hospitali bila kungoja. Letrozoli hudhoofisha mifupa, kwa hiyo daktari huzungumzia kalsiamu, vitamini D na kipimo cha mifupa. Dawa nyingine yoyote, hasa za msongo wa mawazo na mitishamba, ataje kabla ya kuichanganya, maana baadhi hupunguza nguvu ya tamoksifeni. Nunueni ya mwezi unaofuata kabla ya huu kwisha, kwani duka la dawa la mji mdogo linaweza kukaa wiki tatu bila kuwa nayo.

Umeuliza mwisho namna ya kumshawishi mama. Mimi nilikataa pia, na nilisema maneno hayo hayo, kwamba nimepona. Ukweli ni kwamba niliogopa kunyonyoka nywele, niliogopa kusikia majibu, na zaidi ya yote niliona haya kusema kwamba nauli haipo na watoto wana ada. Mwulize usiku, mkiwa wawili, ni lipi kati ya hayo, na usimjibu kwanza. Kama ni umbo, mshonee mfuko mdogo wa kitambaa uujaze mtama, upime uzito ulingane na titi la upande wa pili, uuingize kwenye sidiria. Mabega yake yatakaa sawa na gauni litamkaa. Kama ni fedha na hana bima, hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii inayoweza kumwombea msamaha wa gharama; nendeni na barua ya serikali ya mtaa au ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yenu, na muingie ofisini humo kabla ya kwenda dirisha la malipo, kwa maana ukishaandikiwa ankara mazungumzo huwa marefu zaidi. Barua hiyo inaweza kuandikwa Ijumaa hii. Ukipata karatasi ya patholojia, niandikie kilichoandikwa mbele ya zile herufi tatu, ukifuta jina na namba ya faili, nami nitakueleza kama yanafanana na yangu.