Kabla ya kupandisha kifurushi cha intaneti, soma kwanza mlango wa WAN

Nahudumia mitandao ya ofisi ndogo hapa Arusha, na ombi ninalolisikia kila mara ni "tuongezewe kasi, intaneti nzito." Mwenye ofisi anafungua Speedtest kwenye simu, anaona namba ndogo, anapanda kifurushi. Gharama ya mwezi inapanda, na mara nyingi uzito unabaki palepale.

Speedtest inaonyesha nafasi iliyobaki dakika ile, kwa simu ile, kupitia Wi-Fi ile. Haisemi laini imetumikaje tangu asubuhi, na yenyewe inaijaza laini wakati inapima. Anayejua matumizi halisi ni ruta, maana kila baiti inayoingia na kutoka inahesabiwa kwenye mlango wake wa WAN, yaani ule unaoiunganisha ofisi na intaneti. Usisome milango ya ndani: huko utahesabu na kazi za printa na mafaili yanayohama kati ya kompyuta za ofisini, ambayo hayagusi intaneti kabisa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Andika namba ya baiti zilizopokelewa, subiri dakika tano, andika tena, kisha toa. Tuseme tofauti ni baiti 600,000,000. Zidisha kwa 8 upate biti, gawanya kwa sekunde 300: wastani ni 16 Mbps, yaani megabiti 16 kwa sekunde. Usiruke hiyo 8, kwa sababu kifurushi kinauzwa kwa megabiti ilhali kompyuta inaonyesha megabaiti. Laini ya 20 Mbps ikijaa kabisa, faili linashuka kwa megabaiti 2.5 tu kwa sekunde.

Kwa kazi ya kila siku, iachie ruta yenyewe ichore. Kwenye ruta za MikroTik washa Graphing, kipengele cha kuchora grafu, kwa mlango wa WAN. Kwenye ruta zinazotumia mfumo wa OpenWrt sakinisha vnStat, programu ya kuhesabu matumizi. Ukivuta namba kwa SNMP, njia ya kusoma kaunta za ruta kutoka kompyuta nyingine, chukua kaunta za biti 64. Zile za biti 32 hurudi sifuri baada ya takriban gigabaiti 4.29, na laini ya 100 Mbps iliyojaa inafika hapo kabla dakika sita hazijaisha, kwa hiyo grafu itakudanganya. Jambo jingine kwa watu wa MikroTik: kama FastTrack (njia ya mkato ya kupitisha data haraka) imewashwa, namba za Simple Queues (foleni za kuwekea kikomo cha kasi) zitakuwa pungufu, kwa sababu pakiti nyingi, yaani vipande vya data, hazipiti huko. Amini namba za mlango.

Sasa angalia mistari yote miwili, wa kushusha na wa kupandisha. Hapa ndipo majibu mengi yamejificha. Kuna kampuni ya utalii ilikuwa na laini ya 20 Mbps kushusha na 5 kupandisha, na saa nne asubuhi barua pepe zilikuwa hazifunguki. Grafu ya kushusha ilikuwa inacheza kwenye 6. Ya kupandisha ilikuwa imenyooka kama rula kwenye 5, asubuhi nzima. Picha na video za safari zilikuwa zinapakiwa kwenye wingu kutoka kompyuta moja. Kila unachoshusha, kompyuta yako hurudisha taarifa kwamba imepokea. Njia ya kupanda ikijaa, taarifa hizo zinapanga foleni, na kushusha nako kunazorota. Kompyuta ile iliwekewa kikomo cha 2 Mbps saa za kazi, upakiaji mkubwa ukahamishiwa usiku. Kifurushi hakikuguswa.

Jihadhari pia na wastani. Grafu ya siku kwenye MikroTik hutumia wastani wa dakika tano, ya wiki dakika thelathini, ya mwezi saa mbili. Laini inayojaa kwa sekunde arobaini kisha ikatulia itaonekana shwari kabisa, na huku mtu yuko kwenye kikao cha video sauti inakatika. Ukishuku hali hiyo, fungua dirisha la mlango lenye kasi ya papo kwa papo ulitazame saa ile ile watu wanapolalamika.

Acha vipimo viende angalau wiki nzima, na kama ofisi ina kazi nyingi mwisho wa mwezi, subiri hadi upite. Mstari wa kushusha ukigonga dari kuanzia saa tatu hadi saa tano kila siku ya kazi, na ukakagua kompyuta moja moja usikute hata moja iliyoshika laini peke yake, hapo lipia kifurushi kikubwa.