Pumzi inakata na dawa za TB bado anameza

SWALI: Mume wangu yuko mwezi wa tatu wa dawa za TB ya mapafu. Kikohozi kimeisha na uzito unarudi, lakini akibeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi mlangoni hukaa chini akihema. Jirani amenishauri apulize maputo kila asubuhi. Yatamsaidia? – Mama Salma, Muheza

JIBU: Maputo ayaache, Mama Salma. Kupuliza kwa nguvu hupandisha shinikizo kifuani, na mapafu yaliyoachiwa makovu hayahitaji hilo. Shida ni kwamba anahema haraka na juu juu, kwa misuli ya shingo na mabega. Hewa iliyotumika haitoki yote, na misuli hiyo huchoka upesi.

Alale chali, magoti yakunjwe, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Avute hewa kwa pua akihesabu mbili: mkono wa tumboni uinuke, wa kifuani utulie. Kisha abane midomo kama anayepoza chai, aitoe akihesabu nne. Mwali wa mshumaa mbele yake uyumbe tu, usizimike. Ukizimika anapuliza kwa nguvu mno. Dakika tano, mara tatu kwa siku, si mara tu baada ya kula. Akizoea afanye ameketi, halafu akitembea.

Wengi hukosea kwa kuvuta pumzi kubwa kubwa mfululizo. Kaboni dayoksaidi hupungua mno kwenye damu, kichwa kinazunguka, vidole vinafa ganzi. Hapo aache, apumue kawaida.

Ndoo nayo ina namna yake. Avute hewa akiwa ameinama, aitoe anaponyanyua, asiibane kamwe. Ajaze nusu, aende mara mbili, hakuna aibu. Pumzi ikikata aketi, ainame mbele, viwiko juu ya mapaja, mpaka itulie.

Kliniki waombe wampime wingi wa damu, sukari na VVU kama hajapimwa, kwani uchovu mwingine hautibiwi kwa pumzi. Akikohoa damu, au kifua kikichoma ghafla, mazoezi yasimame na aende hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo macho yakiwa ya manjano, au akitapika na kukosa hamu ya chakula: huenda dawa zimeumiza ini. Mkojo wa rangi ya chungwa peke yake usiwatishe, ni rifampisini hiyo, moja ya dawa zake za TB.