Funga kompyuta ya injini kwanza, turbo isubiri

Ndugu yangu wa Chake Chake, nimekuelewa: turbo, kile kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, umeshainunua, kompyuta mpya ya injini imefika, na unauliza kama uvifunge vyote kwa siku moja hapo nyumbani. Nakuomba usifanye hivyo. Funga kompyuta peke yake, uendeshe gari wiki mbili au tatu injini ikiwa bado inavuta hewa yenyewe bila turbo, kwa sababu kosa la waya au la sensa wakati huo mara nyingi litaifanya injini itetemeke tu, ilhali kosa hilohilo chini ya shinikizo la turbo linaweza kutoboa pistoni.

Kabla ya yote kagua nyaya za erthi. Nilipofungua waya wa erthi wa gari langu nilikuta kichwa chake kimeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, na wiki nzima nilikuwa nikiilaumu programu ya kompyuta. Kisha hakikisha, kwa taa ya taimingi (inayomulika puli ya injini kila plagi inapopiga cheche), kwamba digrii za cheche zinazoonekana kwenye puli ndizo zinazoonyeshwa na kompyuta.

Nunua pia sensa ya oksijeni ya masafa mapana, inayopima moshi wa injini ili ujue uwiano wa hewa na petroli. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito, lakini chini ya shinikizo la turbo wengi hulenga 11.5 hadi 12, na sensa ya kawaida haisomi namba hizo kwa usahihi.

Mpangilio wa turbo wenyewe mwachie fundi mzoefu wa kazi hiyo, na ukisikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo, ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta papo hapo.