Busha la ami yako

Mwanangu Salimu,

Waraka wako nimeupata. Unauliza kama kupasuliwa busha kutakuharibia uzazi, na wewe ndiyo kwanza umeposa. Kinachotolewa ni maji yaliyojaa kwenye ngozi nyembamba inayoizunguka korodani. Korodani yenyewe, inayotengeneza mbegu na homoni ya kiume, inabaki mahali pake. Hatari ya kuumiza mirija ya mbegu ipo ila ni ndogo; mwulize daktari wazi wazi.

Lakini mimi kinachonikaa rohoni ni kwamba umelificha jambo hili miezi yote hiyo. Ugonjwa hauna tusi, nimewaambia tangu wadogo.

Ami yako Hemedi nyinyi mnamkumbuka wa ngalawani, anayewabeba mabegani. Mimi namkumbuka wa nyuma ya mlango, pale Pangani, vikoi viwili kiunoni, Ijumaa inampita ndani. Barazani walimpa jina nisiloliandika hapa. Wengine walisema ni kunywa madafu mengi, wengine kategwa kwa mke wa mtu. Na ni watu waliokula kwetu! Mpaka leo nikikutana nao, salamu yangu inaishia mdomoni. Kumbe ni mbu, wale wale waliotuuma sote. Wanaambukiza minyoo midogo inayokwenda kukaa kwenye mirija ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kwenye damu. Miaka inapita, maji yanajaa. Vidonge tulivyokuja kugawiwa baadaye vinazuia maambukizi kuenea, lakini busha kubwa kama lake haviliondoi.

Siku alipokubali kwenda, niliingia naye. Daktari alifunga dirisha, akaweka tochi ndogo nyuma ya uvimbe. Ukawaka wote, mwekundu kama chemli. "Ni maji haya," akasema, "ingekuwa nyama mwanga usingepita." Hemedi akainama kutazama, akacheka kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipoacha bahari! Akapasuliwa, na kusi haikuisha akawa majini.

Pengine nakuonea. Aibu ya kijana anayeoa Dar si aibu ya mvuvi. Na Hemedi naye alikuwa na kiburi, tulimwambia mapema hakusikia. Hapana, simlaumu. Nani angesikia na kicheko kile kipo nje? Ugonjwa hauna tusi, waliotukana ni watu.

Lako si lazima liwe la mbu. Hujaniambia kama umepigwa ultrasaundi. Kapigwe kwanza, maana saratani ya korodani huwapata zaidi vijana wa rika lako, na wakati mwingine maji huificha. Wakitaka kuyavuta kwa sindano, jua kwamba ya Hemedi yalivutwa yakarudi. Na ukipata maumivu makali ya ghafla usisubiri kukuche: korodani ikijisokota, baada ya takriban masaa sita inaweza isiokolewe.

Upasuliwe au usipasuliwe, sitakuamulia. Ni mwili wako, na naliandika hili meno nimeyauma. Ila mchumba wako mwambie wewe mwenyewe, asisikie kwa mashoga zake. Ukiniita nakuja kwa basi la asubuhi.

Baba yako