Corolla 110 inayosita ukikanyaga mafuta ghafla
Mkuu, kama injini yako ya 5A inasita ukikanyaga ghafla halafu inachanganya vizuri, usikubali kuuziwa pampu ya mafuta kwanza. Pampu iliyochoka au filta iliyoziba huonekana zaidi mlimani na kwenye mwendo mkubwa.

Anzia kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini) kwenda sensa ya MAP, inayopima mgandamizo wa humo. Injini hii haipimi hewa moja kwa moja; inakadiria kwa mgandamizo wa ndani ya manifoldi, kwa hiyo mpira ukivuja hata kidogo, kompyuta inakosea kiasi cha mafuta. Uchomoe, uukunje kwenye ncha zake, nyufa hujificha hapo. Ni mpira wa bei ndogo, na inaniuma sana watu kubadilishiwa nozeli zote kwa ajili yake.

Ukiwa mzima, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa waya kwenye kiboksi cha kupimia chini ya boneti, washa swichi bila kupiga stata, hesabu taa ya injini inavyomulika. Ikiwaka mara nne, ikatulia, ikawaka mara moja, hiyo ni namba ya kosa 41, sensa ya throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). 31 ni MAP. Ikimulika mfululizo tu, yaani hakuna kosa lililorekodiwa, fungua distributa (inayogawa umeme kwenye plagi) uangalie kifuniko, rota na waya za plagi.