Mtoto anasota badala ya kutambaa: je, anunuliwe woka?

SWALI: Binti yangu ametimiza miezi 12. Alianza kukaa mwenyewe akiwa na miezi 7, na sasa akitaka kitu hukifuata kwa kusota kwa makalio; hajawahi kutambaa kwa magoti. Akishika kiti, husimama dede. Mama mkwe wangu anasema mtoto asiyetambaa hatatembea vizuri, na jirani ananishauri ninunue woka, kile kiti chenye magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea. Je, ana tatizo? — Mama wa mtoto wa kwanza, Tanga

JIBU: Mama, katika maelezo yako sioni dalili ya ugonjwa. Mtoto huanza kuimudu misuli yake kuanzia shingoni, kisha mgongoni na nyongani, na miguu hufuata mwishoni, kadiri neva zake zinavyopata utando wa mafuta unaoharakisha upitishaji wa taarifa kutoka kwenye ubongo. Binti yako amekwenda kwa mpangilio huohuo.

Kutambaa si daraja ambalo kila mtoto hulivuka. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wenye afya kutoka Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na likakuta kwamba takriban 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo. Kutembea bila kushikwa kulianza kati ya umri wa miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi, na nafasi hiyo ni pana kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Hata hivyo, mama mkwe wako hakukosea kabisa, kwa kuwa wanaosota mara nyingi hutembea baadaye kuliko wanaotambaa. Ila kuchelewa huko peke yake si kilema.

Malezi nayo yana sehemu yake. Mtafiti Charles Super alieleza mwaka 1976 jinsi akina mama wa Kikipsigis wa kijiji cha Kokwet, Kenya, walivyowafundisha watoto wachanga kukaa, wakiwaegemeza katika kishimo kidogo au katikati ya mablanketi, na baadaye wakawazoesha kutembea. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, lakini katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwatangulia. Mwili hujifunza kile unachokizoea.

Ndiyo maana nakusihi usinunue woka. Ndani yake mtoto huning'inia kwenye kiti, akajisukuma kwa ncha za vidole bila kubeba uzito wake wala kujifunza kurudisha mwili unapoyumba, na huenda akachelewa zaidi. Isitoshe, magurudumu humfikisha penye ngazi, jiko la mkaa au sufuria ya uji kabla hujanyanyuka. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha ya namna hiyo. Tandika mkeka, mwache peku, panga viti vizito visivyopinduka karibu karibu, na uweke anachokipenda kwenye kiti cha pili ili apige hatua za ubavuni akiwa ameshikilia.

Yapo mambo ambayo hayafai kusubiriwa: mwili kukakamaa au kulegea mno, kutumia mkono mmoja tu na kuutelekeza mwingine, mguu mmoja kuonekana mfupi, au kupoteza uwezo aliokuwa nao. Ukiliona mojawapo, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo, na ueleze kama alichelewa kulia alipozaliwa au alipata manjano kali, kwani hali hizo zinaweza kuathiri ubongo. Kama alizaliwa njiti, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Yasipokuwepo hayo, endelea na kliniki kama kawaida. Akifika miezi 18 hajapiga hatua peke yake, omba rufaa kwa daktari wa watoto na mtaalamu wa fiziotherapia, ambao watampima misuli, nyonga na mifupa, pamoja na kuangalia kama ana matege.